ASILIMIA 99 SI MWISHO WA KAZI

Ukurasa wa Usalama na Afya



Siku hizi, mtu akiingia asubuhi katika ofisi ya matengenezo, anakuta wakubwa wa kazi wamesimama mbele ya kioo cha kompyuta. Juu ya kioo kuna orodha ya kazi. Mbele ya kila kazi kuna mstari unaojaa rangi kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda ndani ya chupa. Kando ya mstari kuna namba: 25, 60, 90. Namba hiyo ni asilimia, yaani inasema kazi imefika wapi. Jioni inaandikwa katika ripoti, na kesho yake inarudi kwetu ikiwa swali: «Kwa nini kazi hii ingali 90 tangu jana?»

Labda mtauliza: habari ya kompyuta inatafuta nini katika ukurasa wa afya? Tunajibu hivi: namba hiyo ikieleweka vizuri, inasaidia watu kupanga kazi bila kukimbizana. Ikieleweka vibaya, inaweza kumfanya mtu awashe mashini ambayo mwenzake bado ameingiza mkono ndani yake. Kwa hiyo leo tutaeleza pole pole namba hii inatoka wapi, inasema nini, na hasa ni jambo gani haisemi.

ASILIMIA NI NINI?

Asilimia ni sehemu katika mia. Ukiwa na magunia 20 ya kupakua na umepakua 5, umefanya robo, ndiyo 25 katika mia. Mpaka hapo hakuna fumbo. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuhesabu.

Fumbo linaanza pale tunapouliza: tunahesabu nini? Magunia yanaonekana kwa macho. Lakini kutengeneza mashini si magunia. Kuna kufungua, kusafisha, kubadili, kufunga, kujaribu. Utahesabu siku? Utahesabu saa za watu? Utahesabu vyuma? Kila hesabu itatoa namba yake, na namba hizo hazitafanana.

Desturi ya kuchora kazi kwa mistari juu ya karatasi si ya jana. Injinia mmoja wa Marekani, Henry Gantt, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufa mwaka 1919, ndiye aliyeieneza sana katika viwanda, na mpaka leo mchoro huo unaitwa kwa jina lake. Programu ya kompyuta iitwayo Microsoft Project ilitoka mara ya kwanza mwaka 1984. Kwa hiyo mistari tunayoona leo juu ya kioo ni ile ile ya zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa mashini inajumlisha yenyewe, na inajumlisha upesi. Lakini inajumlisha tu kile ambacho mtu ameiambia.

KOMPYUTA INAHESABU NAMNA GANI?

Programu hizi zina njia kadhaa za kuhesabu. Tutaeleza tatu, maana ndizo zinazokutana na kazi yetu.

Njia ya kwanza ni kuhesabu muda. Kazi imepangiwa siku 10. Siku 5 zimefanyiwa kazi. Kompyuta inaandika 50. Njia hii ni rahisi, na ndiyo inayotumika mara nyingi. Ubaya wake ni huu: mtu wa ofisini anaweza kuiambia kompyuta ijaze mistari yote kwa kufuata tarehe tu. Siku 5 zikipita inaandika 50, hata kama siku 3 kati ya hizo mafundi walikaa wakingoja chuma kilichokuwa hakijafika kutoka magazini. Kalenda imetembea, kazi imekaa.

Njia ya pili ni kuhesabu saa za watu. Kazi imepangiwa saa 40. Mafundi wamekwisha kufanya saa 36. Kompyuta inaandika 90. Lakini tuseme walipofungua mashini walikuta ugonjwa mwingine ndani, na sasa wanahitaji saa 24 zaidi. Basi kazi yote ni saa 60, na waliyofanya ni 36 katika 60, yaani asilimia 60. Mtu asipoandika zile saa 24 zinazobaki, kioo kitaendelea kusema 90, na mkubwa atangoja mashini iwake jioni hiyo hiyo. Ndiyo sababu swali jema si «mumefanya ngapi?» Swali jema ni «kunabaki nini?»

Njia ya tatu ni kuhesabu kitu chenyewe. Kuna rulo 60 za kubadili, rulo 45 zimekwisha kuwekwa: asilimia 75. Hapa hakuna ubishi, kila mtu anaweza kwenda na kuhesabu kwa kidole. Lakini kompyuta haiwezi kuziona rulo. Lazima mtu aende, ahesabu, arudi, aandike kwa mkono wake. Njia hii inataka miguu ya mtu na ukweli wa mtu.

Kumbukeni basi: kioo kimoja, namba 90, maana tatu tofauti. Anayeangalia namba bila kujua imetoka katika njia gani ni kama mgonjwa anayeambiwa «una 38» asijue kama ni joto la mwili au ni kilo.

TUCHUKUE MFANO WA MKANDA

Wengi wetu tunaujua mkanda unaobeba mawe kutoka kinu mpaka kiwandani. Tuseme unatakiwa kubadilishwa. Mpangaji wa kazi ameandika kazi ndogo 8, na saa za kila moja:

1. Kusimamisha mkanda, kukata umeme, kutia kadena: saa 2.
2. Kutoa mifuniko ya kinga na mkanda wa zamani: saa 14.
3. Kubadili rulo: saa 20.
4. Kutia mkanda mpya na kuunganisha: saa 30.
5. Kusafisha mawe na vyuma vilivyoanguka chini: saa 6.
6. Kurudisha mifuniko ya kinga: saa 5.
7. Kuhesabu watu wote, kisha kila mtu kutoa kadena yake: saa 2.
8. Kujaribu kamba ya kusimamisha, mkanda ukitembea bila mawe: saa 1.

Jumla ni saa 80. Sasa fuateni hesabu pamoja nami, hata kwa kalamu.

Kazi ya 1 mpaka ya 5 zimekwisha. Zote ni saa 72. Gawanya 72 kwa 80: kioo kinaandika 90. Mkubwa wa kiwanda anaona 90 na anafurahi. Mkanda mpya umelala vizuri, chini ni safi. Mtu akipita pale anasema: «Mbona kazi imekwisha?» Lakini tazameni kilichobaki katika zile 10: mifuniko ya kinga haijarudi, watu hawajahesabiwa, kadena zingali zimefungwa, kamba haijajaribiwa.

Mifuniko ikirudi, kioo kinaandika 96. Watu wakihesabiwa na kadena zikitoka, tunakuwa na saa 79 katika 80. Hiyo ni 98 na robo tatu, na kompyuta isiyopenda vipande itaandika 99. Sasa inabaki moja tu. Nayo ni nini? Ni ile kamba inayopita kando ya mkanda, ambayo mtu akikamatwa, mwenzake anaivuta na mkanda unasimama.

Mkanda unaotembea meta 2 kwa kila sekunde unavuta mkono meta 1 nzima katika nusu ya sekunde. Katika nusu ya sekunde mtu hajamaliza hata kuita jina la mwenzake. Kama kamba haivutiki, au ikivutwa mashini haisikii, ile asilimia 1 iliyobaki ni mkono wa mtu, au ni mtu mzima.

UZITO WA SAA NA UZITO WA ROHO

Hapa ndipo penye somo lote la leo. Kompyuta inapojumlisha kazi ndogo ili kupata namba ya kazi kubwa, inazipima kwa muda wake. Kazi ya saa 30 ina uzito mara 30 kuliko kazi ya saa 1. Kwa mpangaji hii ni haki kabisa, maana anatafuta kujua siku ya kumaliza. Lakini hatari haipimwi kwa saa. Kutia kadena kunachukua dakika chache. Kupima hewa mbaya katika shimo ni dakika chache. Kuita majina ya watu ni dakika chache. Katika hesabu ya kompyuta mambo hayo ni mepesi kama unyoya. Katika hesabu yetu ya dispansari ndiyo mazito kupita yote.

Tena kuna alama ambazo mpangaji anaziandika bila muda wowote, kama «sahihi ya mkubwa wa usalama imepatikana». Muda wake ni sifuri, na kitu cha sifuri hakina uzito katika jumla. Usiseme basi: «Lingekuwa jambo kubwa, kompyuta ingelionyesha.» Kompyuta haijui kubwa na dogo. Inajua ndefu na fupi.

Na kuna kazi ambazo hazikubali kabisa asilimia ya katikati. Kadena imefungwa au haijafungwa. Umeme umekatwa au haujakatwa. Mtu ametoka au hajatoka. Sisi wa afya tunasema: hakuna mimba ya nusu. Wapangaji wa kazi wenyewe wanajua jambo hili, na wana kanuni yake: kazi ya namna hiyo inaandikwa 0 mpaka dakika inapokwisha kabisa, ndipo inaandikwa 100. Hakuna 50, hakuna 90. Kuna na kanuni nyingine inayotoa 50 kazi ikianza na 50 nyingine ikikwisha. Hiyo inafaa kwa kupaka rangi nyumba, haifai kwa kukata umeme.

Sasa sikilizeni mazungumzo haya, ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasikia mahali fulani:

«Fundi, kazi imefika wapi?»
«Karibu inakwisha, shefu.»
«Niandike ngapi?»
«Andika 90.»

Je, fundi alisema uongo? Hapana. Je, alisema ukweli? Pia hapana. Ametaja namba ili shefu aende zake. Shefu naye ameiandika ili mkubwa wake atulie. Namba imepanda ngazi mpaka juu, na huko juu imekuwa kweli. Posti inayofuata ikija, inakuta kweli hiyo inaingoja. Tuyafanye mazungumzo yale upya:

«Fundi, kunabaki nini?»
«Shefu, mifuniko miwili ya upande wa chini haijarudi, na kamba hatujaijaribu.»
«Nani bado ana kadena yake pale?»
«Mimi na wenzangu wawili.»

Hapa hakuna asilimia hata moja, na shefu anajua kila kitu anachohitaji kujua. Akirudi ofisini ataandika namba iliyo ya haki.

USIKU WA TAREHE 6 JULAI 1988

Kuna msiba mmoja ambao watu wa usalama wa dunia nzima wanajifunza mpaka leo. Haukutokea mgodini. Ulitokea baharini, upande wa Scotland, juu ya jukwaa la chuma la kuchimba mafuta na gesi lililoitwa Piper Alpha.

Kulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana wa siku ile mafundi walitoa vali ya usalama katika bomba la pampu A ili ikapimwe. Saa 18 posti ya mchana ilikwisha na vali ilikuwa haijarudi mahali pake. Wakaziba bomba kwa vifuniko vya chuma, wakaacha karatasi ya kusema kwamba pampu A isiwashwe. Kazi ilikuwa imefika mbali, ilibaki kurudisha vali tu, jambo la kesho asubuhi.

Lakini habari ya ile vali haikufika kwa watu wa usiku. Karibu saa 22 pampu B ikasimama na ikakataa kuwaka. Wakatafuta karatasi za pampu A. Wakaona karatasi ya matengenezo mengine, ambayo yalikuwa hayajaanza. Ile ya vali hawakuiona. Basi wakafikiri pampu A ni nzima, wakaiwasha. Gesi ikatoka pale palipozibwa, ikashika moto, na jukwaa zima likaungua. Watu 167 walikufa, na kati yao 2 walikuwa wa chombo kilichokuja kuokoa. Waliopona juu ya jukwaa walikuwa 61. Jaji Lord Cullen aliongoza uchunguzi, na mwaka 1990 alitoa mashauri 106. Jambo moja alilosisitiza ni ruhusa za kazi kwa maandishi, na namna posti moja inavyopokeza nyingine.

Usiku ule si kompyuta iliyowadanganya. Ni kitu kilichobaki ambacho hakikusemwa. Lakini ndiyo hatari ile ile ya namba yetu: namba 95 juu ya kioo inaonyesha yote yaliyofanyika na kunyamaza juu ya kile kimoja ambacho hakijafanyika. Mtu wa posti ya usiku hauawi na 95 zilizokwisha. Anauawa na 5 zilizobaki.

NA KULE NYUMBANI

Mama, msifikiri kwamba somo hili ni la wanaume wenye kaske peke yao. Nyumbani pia kuna kazi ambazo nusu yake si nusu.

Muhogo mchungu unalowekwa majini siku 3, kisha unaanikwa, unatwangwa, na kupikwa bukari. Maji yale yanatoa sumu iliyo ndani ya muhogo. Katika nchi yetu, upande wa Kwango, kulitokea miaka watu wakapunguza siku za kuloweka mpaka siku 1, ili muhogo uende upesi sokoni. Ukihesabu kwa siku, walifanya kazi theluthi moja. Lakini unga ulikuwa mweupe vile vile, na kwa macho ulikuwa unga kamili. Walioula kila siku, bila nyama, samaki wala maharagwe ya kutosha, wengine walipata ugonjwa wa konzo: miguu inakakamaa na kudhoofika mara moja, na haiponi tena. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari yake tangu mwaka 1938. Hapo mnaona: kazi ya kuloweka haina asilimia 33. Sumu imetoka au imebaki.

Kifua kikuu ni vivyo hivyo, na sisi watu wa migodi tunapaswa kukiogopa zaidi, maana mavumbi ya mawe yanayoingia katika mapafu yanamfungulia ugonjwa huo mlango. Matibabu ya kawaida ya mtu mzima ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa 4 pamoja, na miezi 4 inayofuata dawa 2. Baada ya miezi 2 kikohozi kimepungua, mwili umerudi, mgonjwa anakula vizuri. Anasema: «Nimepona.» Akiacha mwezi wa 4, amefanya 67 katika mia. Shuleni mtu anapita kwa 67. Lakini vijidudu vilivyobaki ni vile vigumu, navyo vinaweza kujifunza kuishi pamoja na dawa. Ugonjwa ukirudi, dawa za kwanza huenda zisiuweze tena, na wale wanaolala naye nyumba moja wanaupata huo ulio mgumu. Kwa hiyo mama, mume wako au mtoto wako akiwa katika dawa hizo, usimwulize «unajisikiaje?» tu. Hesabu naye siku zilizobaki juu ya kalenda ya ukutani mpaka ya mwisho.

TUFANYE NINI?

Hatusemi kompyuta iondolewe. Inasaidia sana. Kazi ikipangwa vizuri, mafundi hawaitwi usiku bila sababu, hawafanyi posti mbili mfululizo, na mtu aliyelala vizuri hakati vidole vyake. Tunasema tu kila kitu kikae mahali pake. Haya ndiyo mashauri yetu:

Wewe fundi:

– Ukiulizwa kazi imefika wapi, taja kwanza kilichobaki. Namba ije nyuma.
– Usitaje namba ya kumfurahisha mtu. Kama hujui, sema «ngoja niende nione».
– Kadena yako unaitoa wewe mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwako. Namba ya kioo, hata ikiwa 100, si ufunguo.
– Usiwashe mashini kwa sababu «wamesema imekwisha». Waliosema ni nani? Wameandika wapi?

Wewe kapita:

– Nenda mahali pa kazi kabla ya kuandika. Namba iliyoandikwa kwa simu ni namba ya masikio, si ya macho.
– Wakati wa kupokezana posti, simameni mbele ya mashini, yule anayetoka na yule anayeingia, na mpitie kitabu cha posti pamoja. Andikeni kwa maneno: nini kimefunguliwa, nini kimezibwa kwa muda, nani bado yuko ndani.
– Mtu akikuambia kazi imerudi nyuma kutoka 90 mpaka 60, usimgombeze mbele ya wenzake. Amekuletea ukweli. Ukimgombeza leo, kesho atakuletea 95.

Wewe unayeshika kompyuta:

– Kata kazi ndefu vipande vifupi. Kazi ya saa 4 ni vigumu kuidanganya, kazi ya wiki 4 ni rahisi.
– Kazi za usalama ziandike peke yake, kila moja kwa mstari wake. Usizifiche ndani ya kazi kubwa. Zipe 0 au 100 tu.
– Andika chini ya ripoti namba imetoka katika njia gani: muda, saa za watu, au kitu kilichohesabiwa.
– Andika kila siku saa zinazobaki. Usiiachie kalenda ijaze mistari badala yako.
– Weka mstari wa mwisho ambao hauna asilimia, wenye maneno haya tu: «Inaruhusiwa kuwasha: NDIYO au HAPANA», pamoja na jina la aliyejibu.

Na ninyi jamaa za nyumbani:

– Baba akichelewa kwa sababu «kilibaki kidogo na hatukutaka kuondoka bila kukimaliza», msimnunie. Pengine kile kidogo kilikuwa kamba ya mkanda.
– Akisema amechoka na kesho ameitwa tena alfajiri, mpeni nafasi alale. Vijana wapunguze radio. Macho yenye usingizi yanaona 100 pale penye 99.

KWA KUMALIZA

Pale dispansari hatuna kioo chenye mistari ya rangi. Tuna kitanda, sindano, na kitabu kikubwa tunamoandika jina, saa, na kiungo kilichoumia. Katika kitabu hicho hatujaandika hata mara moja kwamba mtu ameumia asilimia 1. Mkono uliokwenda umekwenda wote.

Basi kesho, utakapoona juu ya kioo namba 99, usipige makofi bado. Uliza swali dogo, na usione haya kuliuliza mbele ya mkubwa: «Ile moja iliyobaki ni nini?» Kama ni rangi ya kupaka, vema, mtaipaka kesho. Kama ni mfuniko, kadena, kamba, au jina la mtu ambaye hajaitika, basi kazi haijafika 99. Kazi ingali 0, na hakuna anayegusa kitufe mpaka yule mwenzetu aitike.

Kazi njema, na kila mmoja arudi nyumbani mzima.